Laini Tatu Kwenye Karatasi ya Sigara

Kwetu mtu akipata visa, swali la kwanza kwenye group ya familia si tiketi wala baridi ya huko aendako. Ni hili: nibebe nini ndio nisipotee hewani? Majibu huja kwa fujo. Mmoja atasema laptop. Mwingine atasema tablet inatosha, laptop ni mzigo bure. Halafu kuna yule aliyewahi kukaa uwanja wa ndege wa Dubai masaa manane akingoja ndege nyingine. Huyo atapendekeza mifi kana kwamba aliivumbua yeye.

Nimesoma miongozo mingi ya wasafiri kuhusu jambo hili na karibu yote inamwandikia mtu mmoja: yuko likizoni, ana kadi ya benki inayokubalika kila mahali, na hofu yake kubwa ni picha za ufuo kuchelewa kupanda. Sisi wengi hatusafiri hivyo. Anayevuka mpaka kutoka huku ni dereva wa trela, ni mama wa Kamukunji anayefuata bidhaa Guangzhou, ni mwanafunzi, ni msichana anayeenda kufanya kazi za ndani Ghuba. Nikataka kujua hao wamekuwa wakichagua vipi miaka yote hii. Nilichokuta ni kwamba historia ya kifaa cha safari ina sura mbili. Moja inahusu vifaa, na hiyo imeandikwa sana. Nyingine inahusu laini, na hiyo watu wetu wameiishi kabla ya wenye kuandika kuifikia.

Hebu tuanze na ile inayojulikana. Aprili 1981, California, Adam Osborne alizindua kompyuta aliyoiita Osborne 1. Ilisifiwa kuwa ya kubebeka kwa sababu ilikuwa na mpini. Uzito wake kama kilo 11, skrini ya inchi 5, bei dola 1,795, na betri haikuwa nayo kabisa. Yaani ulikuwa unabeba cherehani, na ukifika unatafuta stima.

Kilichomfaa msafiri kwa kweli kilikuja 1983: TRS-80 Model 100, iliyouzwa na Radio Shack na kuundwa na Kyocera wa Japani. Ilikuwa na ukubwa wa daftari nene. Ilikula betri nne za AA, ndugu wadogo wa zile za redio ya babu, kwa hiyo hata ukiwa kijijini ungepata duka la kukuuzia. Skrini ilionyesha mistari 8 tu. Lakini ndani mlikuwa na modemu, na hapo ndipo waandishi wa habari walipoipenda. Kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 hivi. Habari ya herufi 2,000 ingechukua zaidi ya dakika moja kupita. Hoteli ikiwa na simu iliyofungwa ukutani bila soketi, ulikuwa unavalisha mkono wa simu vikombe viwili vya mpira, kimoja kwenye sikio na kimoja kwenye mdomo, na kompyuta inapiga miluzi ndani yake mpaka habari yote iishe.

Sasa mchukue mwandishi huyo umtue Nairobi mwaka huo wa 1983. Kifaa chake kiko sawa. Laini ndiyo shida. Simu za nje zilipitia kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa 1970, na kila kitu kilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, Posta na Simu, lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Kuomba simu ya nyumbani kulikuwa ni kungoja miaka. Mtu angeweza kutembea na kompyuta bora duniani na bado akasimama kwenye foleni kama sisi wengine, akingoja opereta amwite.

(Shule tuliambiwa kompyuta ya kubeba inaitwa kipakatalishi na intaneti ni mdahalishi. Tuliandika kwenye mtihani tukapata maksi. Lakini nenda Luthuli Avenue leo uulize bei ya kipakatalishi uone utakavyoangaliwa.)

Intaneti yenyewe, kwa sehemu kubwa, ililetwa na watu waliokuwa safarini. Africa Online ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesomea Marekani, kwenye vyuo vya MIT na Harvard: Ayisi Makatiani, Amolo Ng'weno na Karanja Gakio. Mizizi yake ilikuwa orodha ya barua pepe ya Wakenya walio ng'ambo, watu waliotaka tu kujua nyumbani kunaendaje. Mimi hulipenda jambo hili. Kabla ya biashara na kabla ya serikali, kulikuwa na mtu chumbani Boston anayetaka kujua nani ameshinda mechi.

Kisha zikaja cyber, na kwa miaka kama kumi kifaa chepesi kuliko vyote cha kwenda nacho nje kilikuwa kipande cha karatasi. Ukiwa na anwani ya Hotmail au Yahoo na neno la siri kichwani, ulikuwa umemaliza. Nairobi uliingia cyber, Kampala uliingia cyber, London kuanzia 1999 kulikuwa na easyEverything, ukumbi mkubwa karibu na stesheni ya Victoria wenye mamia ya kompyuta. Mtu hakubeba chochote cha kuibiwa wala cha kuchaji. Tatizo la ajabu lilikuwa Ufaransa, na Ubelgiji pia. Kibodi zao zimepangwa tofauti: A iko mahali pa Q, W iko mahali pa Z, na kile kialama cha @ lazima ukishike kwa vidole viwili. Ndugu wa rafiki yangu aliwahi kulipia nusu saa nzima mjini Brussels akiandika neno lake la siri na kukataliwa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinaandika Kikenya na kibodi inasoma Kifaransa. Nyota tu ndizo anaziona kwenye skrini. Angejuaje?

Wakati huohuo simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia, na hapa ndipo ile sura ya pili inapoanza. Kadi za kwanza za SIM zilitengenezwa Munich 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient, zikauzwa Ufini, na zilikuwa kubwa kama kadi ya benki. Mwaka uliofuata kampuni ya simu ya Ufini na Vodafone ya Uingereza zikawekeana mkataba wa kwanza wa kupokeana wateja. Mpango huo ndio romingi, neno ambalo kwa Kizungu maana yake ni kuzurura tu. Hesabu yake ni hii: ukizurura kwenye nchi ya watu, mtandao wa huko unakubeba, kisha unaupelekea mtandao wako wa nyumbani bili, na wa nyumbani unaongeza chake juu kabla ya kukufikishia. Hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo wewe umekaa mezani.

Hata kabla ya bei, simu yenyewe ilibidi ikubali. Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000, ile ambayo kila mtu ana hadithi yake, ilifanya kazi kwenye masafa ya 900 na 1800. Marekani walitumia 850 na 1900. Wanafunzi wa miaka ile walitua New York na simu nzima, chaji tele, na haikushika chochote. Japani na Korea ndio kabisa, hawakuwa na GSM. Mambo haya hayajaisha, kwa njia. Mwaka 2022 kampuni kubwa za Marekani zilizima mitandao yao ya 3G, na simu nzuri tu ambayo haijui kupiga kupitia 4G ikawa saa ya mezani.

Lakini mimi historia ya romingi niliijulia Changamwe, kwa mjomba.

Mjomba wangu aliendesha trela kutoka bandari ya Mombasa hadi Kigali. Nairobi, Eldoret, Malaba, Kampala, Mbarara, Gatuna, halafu milima. Alikuwa na simu moja na laini tatu: ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda. Moja ilikaa ndani ya simu. Mbili alizifunga kwenye ile karatasi ya fedha inayotoka kwenye pakiti ya sigara, akaziweka ndani ya jalada la stakabadhi za mzigo. Akifika mpakani alizima simu, akatoa mfuniko, akatoa betri, akabadilisha. Wakati ule majina ya watu yalihifadhiwa ndani ya laini, kwa hiyo laini ya Uganda haikumjua mkewe wala mwenye gari. Alikuwa na kidaftari cha nambari, na kidaftari hicho alikilinda kuliko laini zote tatu. Alituonya pia kuhusu mpaka wenyewe. Ukiegesha Malaba upande wa Kenya, simu inaweza kushika mnara wa Uganda bila kukuuliza, na kredo ikaondoka ukiwa umelala.

Ulipokuwa unatumia laini moja, zile nyingine zilikuwa zimekufa. Hilo hatukulifikiria sana hadi 2005. Bibi, mamake mjomba, alifariki alfajiri ya Jumatano na tukamzika siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi. Mjomba alikuwa Uganda akirudi. Tulimpigia nambari yake ya Kenya siku tatu mfululizo, na yule mama wa kwenye rekodi alitujibu kwa adabu kuwa mteja hapatikani. Nambari ya Uganda ilikuwa imeandikwa mahali, hakuna aliyekumbuka wapi. Ijumaa jioni alifika Malaba, akatoa karatasi ya sigara, akabadilisha laini, na meseji zikaanza kuingia moja juu ya nyingine. Alisoma ya mwisho kwanza. Ilikuwa inamuuliza kama atawahi hitima.

Hakuwa angeweza kufika kwenye mazishi hata tungempata. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Kilichomuuma ni kwamba Jumatano na Alhamisi alikuwa akiendesha na kuimba.

Septemba 2006, Celtel ikatangaza kitu inachokiita One Network: Kenya, Uganda na Tanzania mtandao mmoja. Ukivuka, hulipii kupokea simu. Ukipiga, unalipa bei ya wenyeji wa pale. Kadi ya kredo ya Kampala unaikwangua na kuiweka kwenye laini ya Nairobi. Celtel ilianzishwa 1998 na Mo Ibrahim, Msudani aliyekuwa mhandisi wa simu Uingereza, na wakati huu ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Wangeweza kula ile pesa ya mpakani kama wengine. Badala yake waliona kuwa wateja wao ni watu wa kuvuka, na kwamba wao wenyewe ndio wenye minara pande zote tatu, kwa hiyo ile bili ya kupelekeana ilikuwa ni kutoa mfuko huu na kutia mfuko ule. 2007 waliongeza nchi nyingine, hadi Kongo, Gabon na Nigeria. Washindani nao, Safaricom, Vodacom na MTN, ikabidi waungane kujibu.

Mjomba alihamia Celtel wiki hiyo hiyo. Hakuwahi kuhamisha kitu kingine maishani mwake, hata timu.

Weka tarehe hizi pamoja. Umoja wa Ulaya, pamoja na bunge lake na tume zake, ulianza kuweka kikomo cha bei ya kupiga simu kwenye romingi mwaka 2007. Malipo ya ziada yaliondolewa tarehe 15 Juni 2017, na dunia nzima ikaandika kuwa ni mapinduzi. Dereva wa trela wa Changamwe alikuwa amekaa miaka kumi na zaidi akipiga simu Jinja kwa bei ya Jinja. Kweli, ilikuwa ni sauti na meseji wakati ule, wala haikuwa kwa laini zote. Lakini wazo lilikuwa limeshavuka mpaka bila paspoti.

Jambo la pili ni laini mbili kwenye simu moja. Tecno ilianzishwa 2006, na simu zake za laini mbili zilianza kuuzwa Afrika muda mfupi baadaye. Haikuwa kampuni ya kwanza duniani kuziunda, ila ndiyo iliyoelewa kwamba hapa mtu wa kawaida ana laini mbili kama alivyo na viatu viwili. Nokia ilitufikishia zake 2011. iPhone ilisubiri hadi 2018. Kisha kumbuka kuwa M-Pesa ilianza Machi 2007, na kutoka hapo laini ya Kenya haikuwa tena nambari tu, ilikuwa benki. Nani angeifunga benki yake kwenye karatasi ya sigara? Simu ya laini mbili ndiyo iliyomwezesha msafiri wetu kuacha laini ya nyumbani ikiwa hai, inapokea meseji za M-Pesa na za benki, huku laini ya ugenini ikibeba intaneti. Miongozo ya wasafiri siku hizi inatoa ushauri huo huo kama siri mpya.

Oktoba 2014 serikali zenyewe zilikuja na mpango wao, Kenya, Uganda na Rwanda, na Sudan Kusini ikaalikwa, wa kushusha bei za simu kati yao. Sauti ilishuka. Data haikufuata kwa mwendo huo. Na mtu sasa haishi kwa sauti. Kwa hiyo dereva wa leo akifika Malaba bado ananunua laini ya Uganda kwa ajili ya bando, anatia kwenye nafasi ya pili. Sigara tu ndiyo aliyoiacha.

Miaka ya modemu naipitia haraka kwa sababu haikudumu. Huawei E220 ya 2006, jeupe la duara kama mauzi, lilining'inia kwenye laptop kwa waya mfupi. Asus wakatoa Eee PC mwishoni mwa 2007, kompyuta ndogo isiyofika kilo moja, na kila mtu akadhani huo ndio mwisho wa mjadala. 2009 ikawa na mambo mawili: mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah mwezi Juni, na huko Marekani Novatel wakaanza kuuza MiFi, jina ambalo huku sasa ni la kila kifaa cha aina hiyo kama vile Colgate ni dawa ya meno. 2010 ikaja iPad. Modemu nyingi zilizouzwa huku zilifungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine, kwa hiyo ulizivusha mpaka bure, isipokuwa umjue kijana wa kufungua, na Moi Avenue hawakukosekana.

Kuna mwaka mmoja ambao hata kifaa chenyewe kilichaguliwa na wengine. Machi 2017 Marekani ilipiga marufuku kuingia ndani ya ndege na chochote kikubwa kuliko simu kwenye safari zilizotoka viwanja kumi vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini. Dubai ilikuwemo, Doha ilikuwemo, Istanbul ilikuwemo. Sasa niambie, Mkenya anayeenda Marekani anapitia wapi? Laptop na tablet ziliingia tumboni mwa ndege pamoja na masanduku. Emirates waliwakopesha abiria wa tabaka la juu tablet za kufanyia kazi. Wa nyuma waliangalia filamu. Marufuku hiyo iliondolewa Julai, lakini kuna watu ambao tangu siku hiyo hawaweki kazi ya maana kwenye kitu kisichoingia mfukoni. Mimi naona wana haki.

Istanbul ina lake pia: simu ya kigeni inayotumia laini ya Kituruki huzimwa baada ya siku 120 kama hujaisajili na kulipia kodi. Mwenye kwenda kununua nguo wiki moja hajali. Mwanafunzi anajali sana.

Na halafu kuna Guangzhou, ambayo ndiyo darasa bora kuhusu laini. China ilifunga Facebook 2009, Google ikafuata, na WhatsApp ikafungwa 2017. Mfanyabiashara wa Kamukunji anayekaa mitaa ya Xiaobei na kununua laini ya Kichina dukani anapata intaneti ya kasi na ya bei nafuu, lakini hapati mumewe, hapati wateja, hapati group ya chama. Akiacha laini ya Kenya ikiwa kwenye romingi, WhatsApp inafunguka. Wengi hudhani ni bahati au ni dini. Sababu ni ya ufundi. Data ya romingi, kwa kawaida, haitokei kwenye intaneti pale ulipo. Inafungwa kama kifurushi, inasafirishwa hadi kwa mtandao wako wa nyumbani, na hapo Nairobi ndipo inapoingia kwenye intaneti; jibu linarudi kwa njia ileile. Kwa hiyo umesimama Guangzhou lakini intaneti inakuona Kenya. Ni polepole kidogo, na ni ghali. Ndiyo maana wenye uzoefu huenda na simu ya laini mbili: ya Kichina kwa WeChat na kulipia, ya nyumbani kwa kuongea na nyumbani. Simu ni moja na meza ni moja, ila ndani yake kuna nchi mbili.

Kisha eSIM. Simu za Pixel za 2017 na iPhone za 2018 ziliizoesha dunia, na tangu 2022 iPhone zinazouzwa Marekani hazina hata tundu la kadi. Unanunua laini ya Japani ukiwa kitandani Umoja, unalipa, unapiga picha msimbo, umemaliza. Ni kitu kizuri kwelikweli, sitadharau. Ila angalia simu zilizomo mikononi mwa wasichana wanaopanga foleni nje ya ofisi za mawakala wa kazi wakisubiri safari. Nyingi hazina uwezo huo.

Binamu yangu alikuwa kwenye foleni kama hiyo 2022. Shangazi aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kujua simu. Mchagulie mwenzako." Akanipa shilingi elfu kumi na tano, noti za kuchanganya. Nilijua kidogo hali ya Ghuba: kwamba UAE huziba simu za WhatsApp na kuwaachia watu programu chache zilizoruhusiwa, nyingine za kulipia, na kwamba Saudia, alikokuwa akienda, iliregeza 2017 lakini si kwa programu zote mara moja. Nilijua pia kwamba tangu 2016 huwezi kusajili laini Saudia bila alama ya kidole. Hilo la mwisho ndilo lililoamua kila kitu. Mtu wa kutoka kwenda dukani anaweza kuweka kidole. Mfanyakazi wa ndani hutoka akiruhusiwa.

Nikamnunulia simu ya kisasa ya bei ya chini, laini mbili. Zilizobaki nikanunua mulika mwizi, lakini ya 4G, kwa sababu UAE ilikuwa imeshatangaza kuzima 2G mwishoni mwa mwaka huo na sikujua nchi ipi itafuata. Laini yake ya Kenya tuliitia kwenye ile ndogo, romingi ikiwa imewashwa kabla hajaondoka. Shangazi aliona nimeharibu pesa. "Simu ya pili ya nini, na hiyo moja ina kila kitu?"

Simu kubwa ilichukuliwa siku alipofika, ikawa anapewa usiku. Intaneti ilikuwa Wi-Fi ya nyumba, na mwajiri alipoudhika, neno la siri lilibadilishwa. Mara nyingine lilikaa wiki. Ndani ya nyumba yenye intaneti nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuiona, alikuwa mbali kuliko mjomba Mbarara.

Ile ndogo haikuombwa. Pengine ilionekana haina maana. Kupiga kwa romingi kulikuwa kunameza kredo mara moja, na kupokea vilevile, lakini meseji kupokea hakukatwi pesa, na simu isiyopokelewa haina bili. Basi wakarudi kwa ufundi wa zamani kuliko wote, wa kuflashi. Shangazi alituma meseji kila Ijumaa baada ya swala. Binamu alijibu kwa kuflashi. Mlio mmoja: nipo, nimesoma. Miwili: Wi-Fi imerudi, nipigie usiku. Mitatu walikubaliana ni ya kumtafuta wakala na ubalozi, na shangazi alilala na simu mkononi miezi ishirini na miwili akihesabu milio.

Mitatu haikuja. Alimaliza mkataba akarudi Machi 2024, amekonda kidogo, na Kiarabu cha jikoni. Sasa anajiandaa kwenda tena, safari hii Doha, kwa mshahara mzuri zaidi. Nimemwambia kuwa siku hizi kuna eSIM, tunaweza kutafuta simu iliyotumika yenye uwezo huo. Akaniuliza bei, nikamwambia. Akacheka akasema, "Kaka, hiyo wataichukua mlangoni."

Ile ndogo bado anayo. Betri yake hukaa siku sita, amezihesabu.